Mtani Aliyepora Ugali

Jesca alipofika kwangu mara ya kwanza, hapa Gongo la Mboto, nilimpa kigoda akae, lakini jibu sikumpa hata moja. Binti mwembamba, viatu vyeupe vimejaa vumbi letu, na uso wa mtu aliyekwisha kufukuzwa mlangoni pa wenzangu na bado anabisha hodi. Kazi yake utafiti. Anazunguka kwenye nyumba za sie tuliohamia Dar kutoka mikoani, anauliza wagonjwa wa akili wanatunzwaje, na anayewatunza naye hali yake ikoje.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Hapa hakuna mgonjwa."

Na mume wangu Albano kakaa nyuma yangu, shati kalivaa ndani nje.

Albano nilitoka naye Songea tungali vijana. Alikuwa fundi mwashi, na ukuta ninaoegemea ni kazi ya mikono yake. Sasa kapatwa na ugonjwa wa kusahau, na juu ya kusahau ikaja huzuni, akanyamaza. Hata mie akawa hanijui. Nikimwekea chakula ananitazama kama mwizi, anasukuma sahani. Akakonda mpaka mkanda wake nikautoboa matundu mapya. Wanangu wakipiga simu nawajibu baba yenu mzima, anakula. Mambo ya nyumbani kwangu hayatembei mtaani, na kwa hilo asitokee mtu wa kunisuta.

Jesca akarudi, akarudi tena. Maswali anayasoma polepole, kwa sauti ya muuguzi. Moja alilipenda sana.

"Bibi, na wewe unatunzwa na nani?"

"Kwani mie mgonjwa?"

"Hapana, bibi."

"Basi lete lingine."

Hakasiriki. Na akimaliza chai anaosha kikombe mwenyewe. Ndiyo maana sikumfungia mlango.

Siku moja akanikuta nimemwekea mzee ugali na maharage. Mzee akasukuma sahani, maharage yakamwagika mkekani. Nikageukia pembeni, nikajifanya natafuta tambara. Jesca akaandika daftarini. Hapohapo simu yake ikalia, mama yake kapiga kutoka Iringa. Akaipokea kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mama!"

Albano akainua kichwa.

"Nani kamwingiza Mhehe humu ndani?" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu masika. "Eufrazia! Fungia mbwa, huyu atawamaliza!"

Eufrazia ndiyo mie. Aliniita jina langu.

Sie ni Wangoni, na Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakatuachia matusi matamu, kama hilo la Wahehe kula mbwa. Jesca kazini kwao kafundishwa kukaa kimya na kuandika. Akakata simu bila kumuaga mama yake, akaweka kalamu chini, akamsogelea mzee.

"Mbwa wa Mngoni nani anamtaka? Mifupa mitupu! Lete sahani hiyo. Toka lini Mngoni akashiba, Mhehe akabaki na njaa?"

Akamega tonge kubwa, akatia mdomoni.

"Mwizi huyu!" Mzee akaivuta sahani, akaikumbatia, akala. Akala kwa kushindana, jicho kwa Jesca, mpaka sahani ikang'aa. Mie nimesimama na tambara mkononi.

Tangu hapo Jesca akija anapora kwanza, ndipo anauliza. Halafu akaenda mwenyewe kumwambia mkubwa wake kwamba kwangu kavunja utaratibu. Nyumba yangu ikatolewa kwenye utafiti.

"Yaani mie nimefutwa?"

"Umefutwa, bibi. Sasa nakuja kula tu."

Kisha mama yake akaugua, Jesca akaenda Iringa kumuuguza. Albano akaanza tena kusukuma sahani. Mie sijawahi kumwomba jirani hata chumvi. Lakini nilijifunga kanga nikaenda kijiweni, wanapokaa vijana na Allen, fundi viatu, ambaye miaka yote tunasalimiana kwa kichwa tu.

"Nyie, nani Mhehe hapa?"

Allen akanyoosha mkono, sindano ya viatu bado anayo.

"Njoo umwibie mume wangu chakula."

Walicheka. Nikangoja wamalize, kisha nikawaeleza yote, nimesimama, kwa sauti, na ugonjwa wenyewe nikautaja.

Jesca aliporudi, mama yake kapata nafuu, alimkuta Allen mkono uko kwenye sahani na mzee anamtukana.

"We nani unamwibia mtani wangu?"

"Bibi kaniomba, sista."

Akanigeukia, macho yamemtoka. "Bibi! Umeomba?"

"Nilimwagiza," nikamwambia. "Kaa chini, umekonda. Na lile swali lako liulize."

"Si ulifutwa, bibi?"

"Uliza!"

Akauliza, unatunzwa na nani. Nikamwonyesha Allen kwa kidole, kisha nikamwonyesha yeye. Akainamisha uso, na mkono wake ukaenda taratibu kwenye sahani ya mzee, mzee akauchapa kofi.