Bandeji ya Ekzosi

Shemeji yangu Methodi alikuwa na jambo moja tu la kujisifia: kulisikia gari. Ukisifia sauti yake kanisani ananyamaza, ukisifia mahindi yake ananyamaza. Lakini mwambie kuna kitu kinagonga chini, atainamisha kichwa kidogo, asikilize, kisha akutajie nati iliyolegea na upande ilipo. Madereva wenzake wa Mbamba Bay walikuwa wakimwita kusikiliza magari yao kabla ya kwenda kwa fundi.

Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu kuukuu. Alipanda nayo Mbinga na usipa mkavu, wale dagaa wa ziwa letu, akashuka na mbolea na saruji. Nyumba ya dada yangu Dorothy, mkewe, ilisimama juu ya usukani ule, na biashara yangu pia, kwa sababu usipa wenyewe ulikuwa wangu. Mimi ni Rosina. Kwetu shemeji ni mtani, na utani una faida yake: nilimwambia Methodi mengi ambayo dada aliyameza.

Ile pikapu ilikuwa na ugonjwa wa joto. Tukianza kupanda milima kutoka ziwani, mshale wa joto unapanda pamoja nasi, na kabla ya kufika juu tumeshasimama, boneti wazi, rejeta inafoka mvuke. Ndani nako kulikuwa na taabu yake. Bomba la ekzosi lilipita karibu sana na sakafu ya mbele, bati likawa kama kikaango. Mimi nilikunja gunia nikaliweka chini ya miguu. Methodi aliegemeza kisigino kwenye bati hilohilo, na ndala zake zilizolika, wala hasogei.

"Shemeji, hili jiko wewe hulioni?" nilimuuliza.

"Miguu yako imezoea maji ya ziwa," alisema. "Ya dereva imekomaa."

Sukari tulijua anayo. Hospitali walimpa vidonge, akavinywa mpaka alipojiona mzima, akaviacha. Dada akimkumbusha, anasema mgonjwa haendeshi gari, na yeye anaendesha.

Siku moja akaona kwenye simu magari ya mashindano ambayo ekzosi zake zimezungushiwa bandeji nyeupe, kama mguu uliovunjika. Akaamua na yake ifungwe. Tulipofika Mbinga akanipeleka moja kwa moja gereji kwa Ausi, mtu ambaye babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, na ambaye hajawahi kuharakisha jibu.

"Shikamoo, mzee Methodi."

"Marahaba. Fundi, nifungie ekzosi bandeji, injini ipoe."

Ausi alijifuta mikono kwanza. "Mzee, mama akiepua sufuria kwa kitambaa, sufuria inapoa?"

"Itapoaje, na imetoka motoni?"

"Basi ndiyo hivyo. Sufuria haipoi. Kinachosalimika ni mkono." Akamweleza kwamba bandeji inazuia joto la bomba lisisambae ovyo, kwa hiyo nyaya, mipira na sakafu ya miguu vinapata nafuu, na hata hewa ya chini ya boneti inapungua ukali. Lakini maji yakichemka, sababu itafutwe kwenye maji. Akachungulia rejeta, akaingiza kidole kati ya matundu, akatoa uchafu mweusi kama ugoro. Walikuwa kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu la moshi, na ambao kwetu huliwa. Tumepita katikati yao mara nyingi, nao wakagandamana mle na vumbi juu yake.

"Shemeji," nikasema, "siku zote unabeba kitoweo na hunikaribishi."

Ausi akaifungua rejeta, akaiosha hadi mwanga ukapita. Bandeji nayo akaifunga, maana mteja ameitaka. Akaonya kwamba isilowe mafuta, itashika moto, na kwamba inatunza unyevu, kwa hiyo bomba litaliwa na kutu upesi lisipokaguliwa. Methodi aliitikia kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba wa kijiji cha mbali.

Safari iliyofuata tulipanda milima bila kusimama, na sakafu ilikuwa vuguvugu tu. Rejeta haikupata hata asante. Sifa zote zilikwenda kwa bandeji, kwa sababu binadamu tunapenda dawa tunayoiona. "Hata nyayo zangu zimepata amani," alimwambia kila dereva aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Masika yalipokwisha tukaenda Mbaha kuchukua usipa. Barabara ya kule ilikuwa imechimbwa na mvua, na mahali fulani tulipita juu ya kisiki, kikakwaruza chini ya gari. Methodi akasikiliza, akasema si kitu. Tulilala nyumbani, kesho yake tukaanza kupanda kwenda Mbinga.

Hatukwenda mbali, unyayo wangu ukaungua. Gunia nilishaliacha nyumbani siku nyingi. Nikanyanyua miguu, nikajua kisiki kimeondoka na bandeji yetu, nikaona hapa utani umepatikana.

"Shemeji, ile bandeji bado inafanya kazi?"

"Baridi kabisa. Nimeshasahau kama kulikuwa na moto humu."

Nikamtazama nikisubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa anasema kweli yake. Wakati huohuo nikanusa harufu ya plastiki inayoungua.

"Simama," nikamwambia.

Alisimamisha pembeni, akainua mguu wa kulia ashuke. Mguu ulikuja, ndala ikabaki, imeganda kwenye bati. Kisigino chake kilikuwa cheupe, kimevimba lengelenge kubwa kama yai, na pembeni ngozi imeshachanika. Methodi alikiangalia kama vile ni cha abiria.

Niliogopa. Kisha nikakasirika, na hasira ilinisaidia kusema. "Tangu lini mguu huu hausikii?"

Akajibu polepole. "Tangu mavuno ya mwaka jana. Usimwambie dada yako. Wataniondoa kwenye usukani, na baada ya hapo mtakula nini?"

"Sasa mafuta unakanyagaje?"

"Nasikiliza injini. Ikilia ninapotaka, najua nimekanyaga vya kutosha."

Niliamini. Mtu yule aliweza kuendesha kwa masikio. Lakini mbele yetu kulikuwa na Mbinga, na baada ya Mbinga kulikuwa na kurudi, makorongo upande mmoja na saruji mgongoni.

"Na breki, shemeji? Breki nayo unaisikiliza?"

Aliutazama mguu wake tena, safari hii kama wake, akachomoa ufunguo na kuuweka mapajani kwangu. Nikampigia simu Ausi, akaletwa na pikipiki, akashika usukani wa pikapu, akatuendesha hadi hospitali. Harufu ya usipa iliingia nasi mpaka mlangoni.

Dorothy aliambiwa na Methodi mwenyewe. Kidonda kilichukua kipupwe chote kufunga, kwa vidonge na kusafishwa, na mguu ukabaki. Usukani haukubaki. Sasa pikapu inaendeshwa na Hamphrey, mtoto wa kaka yake, dereva mzuri asiyejua kusikiliza kitu, na tunakula kama tulivyokuwa tunakula.

Kabla ya kumkabidhi gari, Methodi alirudi kwa Ausi akitembelea fimbo. Akataka bandeji mpya.

"Mzee, rejeta ni safi," Ausi alisema. "Injini haichemshi."

"Siyo ya injini," Methodi akajibu. "Ni ya miguu ya kijana."

Kila Hamphrey anaporudi kutoka Mbinga, Methodi anatoka kibarazani, anazunguka upande wa dereva, anainama kwa shida na kuweka kiganja kwenye bati, pale kilipokuwa kisigino chake. Anakaa hivyo muda. Juzi nilimkuta, nikamuuliza kwa utani kama amedondosha sarafu.

"Nasikiliza," alisema. "Mkono bado unasikia, shemeji."

Nilikuwa na utani mwingine tayari mdomoni. Nikaumeza, nikaenda kushusha mizigo.