Kaske Isiyotia Chumvi

Dada yangu alipopata mchumba wa Gitega, furaha yetu iliingia doa moja: mafuta ya gari. Kwetu Muyinga bibi harusi hapelekwi ukweni kimyakimya. Wanawake wa mtaa humsindikiza kwa kaswida na dufu mpaka mlangoni, ili wenyeji wajue huyu binti ana watu. Lakini petroli wakati huo ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Gari lilipatikana moja, na gari moja halibebi mtaa mzima. Mama ndiyo kabisa asingekwenda, maana kwetu mama wa bibi harusi hubaki nyumbani.

Mimi nashona nguo Magarama, pale Gitega, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa. Shule niliiacha mapema, ila ndoto yangu tangu utoto ni sauti: kurekodi, kukata, kupanga. Basi nikasema, kama wao hawaendi, sauti zao zitakwenda. Nikafunga safari hadi Muyinga, nikawakusanya wanawake uani kwetu, nikawarekodi kwa simu.

Niliporudi Gitega nikaisafisha ile rekodi kwa visikilizio vyangu vidogo vya kuchomeka masikioni. Dufu lilinguruma, nikalipunguza. Likanguruma bado, nikalipunguza tena. Nikaridhika, nikaicheza kwenye spika ya duka. Lo! Fundi mkuu wetu, mama mmoja asiyejua kuficha neno, akasimamisha cherehani.

"We, mama zako wanaimba ama wanapiga godoro vumbi?"

Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Nilimwona akilini dada akishuka garini mbele ya wakwe kwa mlio huo. Visikilizio vyangu vilikuwa vinanidanganya: vinajiongezea besi, ule mngurumo, vyenyewe, mimi naikata kwenye wimbo. Nilihitaji kaske, ile ya kufunika masikio yote mawili, na iwe haitii chumvi.

Sokoni, muuza vifaa vya simu alinivisha yenye taa za rangi, akaniwekea wimbo wa kutikisa ubongo.

"Sikia hii, dada! Iko na besi mpaka kwa tumbo."

"Mi sitaki ya tumbo, nataka ya masikio. Weka wimbo wangu."

Kaswida ilipoanza akachungulia simu yangu. "Donc, yaani watu wote wanatafuta kaske ya kucheza, we unatafuta ya kulilia?"

"Ya kuozeshea. Nipe ingine."

Ya pili haikuwa na waya. Tamu, sikatai. Lakini nikibonyeza, sauti inafika imechelewa kidogo. Kwa kusikiliza tu, sawa; kwa kukata na kupanga, hapana. Ya tatu aliitoa chini ya meza, kuukuu, ya waya, ngozi ya sponji imebambuka.

"Hii hata mi naona haya kukuonyesha."

Nikaivaa. Mwanzo niliona imepooza, haina mbwembwe. Halafu nikasikia dufu liko upande wake na sauti upande wake. Nikamsikia shangazi akikohoa. Na nyuma ya wote nikamsikia mama, anaingia kila mstari kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa anafunga mlango kwanza. Nikafumba macho palepale.

"Imeharibika?" muuzaji akauliza.

"Oya, haijaharibika. Ndiyo hii."

Ilikuwa rahisi kuliko ile ya taa, mfuko wangu ukapumua. Sponji nilizivika velveti iliyobaki kwenye gauni la mteja, nikazishona kwa mkono, mshono ndani usikwaruze sikio. Kisha nikaanza kazi upya. Dufu nikalirudisha mahali pake. Mama nikampandisha, kidogo tu. Nilipoicheza dukani, fundi mkuu aliendelea kushona. Mguu wake kwenye pedali ndio ulianza kufuata dufu. Sijawahi kusifiwa vile.

Siku ya harusi tulitoka Muyinga kupitia Karuzi: dada, shangazi wawili na mimi, spika tumeiweka kiti cha nyuma. Mlangoni kwa wakwe nikafungua vioo, nikabonyeza. Dada, chini ya shela, akanikamata mkono.

"Ni mama huyo?"

"Ni yeye."

Wanawake wa pale wakatoka kwa vigelegele, wakakidaka kiitikio, uwanja mzima ukawa unaimbiana na Muyinga. Mama mkwe akaja na sinia ya sharubati. Akatupita sisi, akaenda mpaka kwenye gari, akainama kuchungulia.

"Wengine mbona hawashuki? Waambieni washuke, viti viko."

"Wako Muyinga, mama," nikasema. "Niliwarekodi."

Akaitazama spika, akanitazama mimi. Akaweka sinia juu ya boneti, akajifunga mtandio vizuri.

"Basi rudisha mwanzo, binti yangu. Tuwapokee inavyotakiwa."

Nikarudisha mwanzo.