Mlimau wa Mwalimu Njuguna

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mke wangu, kwa sababu yeye huongeza chumvi na kusema ukweli hii haihitaji: nilikula aibu mbele ya wageni wa arusi, nikiwa ndani ya suti, na kisa ni wivu tu, wivu wa miti.

Jirani yetu pale Kibomet, mtaa wa Kitale, alikuwa Mwalimu Njuguna, mzee aliyestaafu, na mbele ya nyumba yake alikuwa amepanga mitungi mikubwa ya plastiki yenye milimau na bogavilia, udongo ameuchanganya na maranda. Kila jioni mke wangu Nekesa alikuwa akisimama kwa ua na kusema, "Ona vile Mwalimu anatunza miti yake, bana. Huyo ndio mwanaume." (Na mimi niko hapo hapo kando yake, mwanaume pia.)

Januari moja, jua likiwaka vibaya, Mwalimu akaenda Bungoma siku sita kuozesha binti yake, akaniachia miti. "Jirani, usinyunyize juu juu. Mwaga polepole, ngoja maji iingie, mwaga tena mpaka uione ikitoka kwa matundu ya chini. Hapo ndio mizizi imekunywa."

Nekesa akadakia, "Unaona? Ati hata kumwagilia ana elimu yake!"

Si hapo roho ikaniuma! Nikaamua nitatia kikombe kimoja tu kila mtungi, udongo uonekane mweusi juu, majani yanyauke kidogo, ile kidogo ya kumnyamazisha mke wangu.

Jumapili msafara ukarudi Kitale na maharusi na wakwe kutoka Bungoma. Mlimau mkubwa majani yalikuwa yameshalegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mwalimu akayashika. "Jirani, huu ulipata maji kweli?"

"Ndoo mbili kila siku, Mwalimu! Mpaka chini ikatoka!" Nilisema kwa sauti, wakwe wasikie.

Basi mpiga picha akataka mlimau usogezwe karibu na maharusi. Mwalimu akaita wanaume watatu, maana mtungi ulioshiba maji ni gunia la mahindi. Nikaona Nekesa anatazama. "Wacheni," nikasema, "hii ni kazi ya mtu mmoja." Nikaukumbatia, nikavuta kwa nguvu zangu zote na, bana, ukapaa! Mwepesi kama kikapu tupu. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaangukia meza ya soda, mtungi juu yangu, udongo ukanimwagikia kifuani, vumbi likapanda mpaka kwa shela ya bibi arusi.

Mama mkwe wa bibi arusi akashika kichwa. "Haki ya nani, hii udongo ni kavu kuliko unga!"

Mwalimu hakufoka. Alichota vumbi kiganjani, akaniuliza polepole, "Zile ndoo mbili ziliingia wapi, jirani?"

Akanipa jagi la maji. Nikaupanda mlimau upya mbele ya watu wote, wao wanakula pilau, mimi namwaga, nangoja, namwaga tena, nimechuchumaa na suti yangu, mpaka maji yakachuruzika chini na mtu mmoja akapiga makofi.

Mlimau ulipona, bogavilia mbili zilikufa. Siku hizi mtu akiniomba nimchungie kitu, hata kuku wake, kwanza najiuliza kama moyoni ninamtakia mema, na nikiona roho inasitasita namwambia wazi: ndugu yangu, tafuta mtu mwingine.