Adabu za Kiprugut na Kongosho la Ng'ombe

Kiprugut alikuwa mtu wa ndoo. Mwaka huo wa 1956, kila asubuhi alitoka kwenye maabara ndogo pale Njoro hadi kichinjioni, akarudi na kongosho la ng'ombe. Dokta Hallam, Mzungu aliyekonda, asiyejua kucheka, alilikata vipande vyembamba, akavitia rangi na kuvichungulia kwa hadubini. Alitafuta visehemu vidogo vinavyotengeneza insulini, ile inayozuia sukari isijae damuni.

Kiprugut aliijua insulini vizuri. Mkewe, Jepkorir, alikuwa na kisukari, na chupa za dawa yake, alizoagiziwa na Dokta, zilikaa katika friji ya maabara.

Jumatano moja Dokta alisukuma kando vioo vyenye vipande hivyo. "Hii yote imeharibika, Kiprugut. Kama Ijumaa hakuna mzuri, mimi nafunga kazi."

Kufunga! Friji iende, Dokta aende, na Jepkorir je? Siku hiyo Kiprugut hakula.

Wala hakuwa mjinga. Dokta alishamweleza kwamba kongosho lina maji ya kusaga chakula. Mnyama akifa, maji hayo hugeuka na kulisaga kongosho lenyewe. Lilipaswa kutolewa upesi. Lakini mkuu wa wachinjaji, Mzee Kipkemei, hakuruhusu kisu kiguse kitu chochote cha tumboni kabla hajasoma matumbo, kama wazee wa kwao walivyofanya, ajue habari za mvua na magonjwa. Naye alisoma polepole, kama mtu aliyepata barua ya mwanawe aliye mbali. Kiprugut, kwa adabu zake za nyumbani, alisimama na ndoo wiki baada ya wiki bila kufungua mdomo. Adabu hizo ndizo zilizokuwa zikiharibu kazi!

Alhamisi alijikaza. "Mzee, naomba leo nikate kwanza."

"Ukate kabla sijasoma? Hiyo ni kurarua barua, kijana."

"Ni kwa ajili ya mke wangu Jepkorir, Mzee. Damu yake imejaa sukari. Kazi ya Dokta ikifungwa, dawa yake itatoka wapi?"

Kipkemei alimkazia macho. "Siku zote hizi unasimama hapo kama nguzo, kumbe uko na mgonjwa?" Akapasua tumbo hata kabla ngozi haijatoka. "Kata. Nitasoma hivyo hivyo, na hiyo shimo yake."

Ijumaa Dokta alichungulia, akacheka. Kiprugut alitamani kumkumbatia.

Jumapili, baada ya kanisa, alimleta mzee maabarani. Kipkemei aliinamia hadubini, akaviona vidoa vya zambarau, ndivyo vile visehemu vya insulini, akatulia navyo. Kiprugut alisimama kando, wala hakumharakisha.

"Hii ng'ombe ilikuwa mzima," mzee akasema mwishowe.

"Ndiyo, Mzee."

"Na vya Jepkorir?"

"Vyake vimelala. Dokta anatafuta jinsi hivi hufanya kazi, labda siku moja atajua namna ya kumsaidia."

Mzee akainuka, akachukua kofia yake.

"Basi kesho usichelewe. Nitaanza na tumbo, ukate mapema."