Chai ya Mwaka Jana

"Shemeji, mtungi huu umelala."

"Umelala wapi? Sindano si iko kwenye kijani?"

"Sindano inapima pumzi tu. Unga wenyewe umeganda."

Huyo ni mdogo wake mume wangu, mkaguzi wa Zimamoto. Alikuwa kaupindua mtungi wangu wa kuzimia moto kichwa chini, kaubandika sikioni kama anayepokea simu ya mbali. Unga mzima ukipinduliwa humwagika ndani kama mchanga. Wangu ulinyamaza. Akakataa kutia saini. Bila saini hakuna cheti, bila cheti cherehani zangu nne zinalala, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Sare themanini ziko mezani!

Nikawaka. "Mimi niliyekufulia kaptula ulipokuja kusoma kwetu, leo unanifungia duka?"

"Kaptula ulifua, shemeji, tena zikatakata. Lakini mtungi umelala."

Ndivyo alivyo. Alianza kwa kuosha magari ya Zimamoto, miaka sita. Siku moja ghala la magodoro likashika moto, mlinzi akanyakua mtungi wenye lebo mpya, akabonyeza. Mtungi ukakohoa mara moja, basi. Mlinzi alitoka mzima. Nyusi hazikutoka naye. Tangu hapo shemeji haamini lebo wala sindano, anaamini sikio. Watu wakambatiza Bwana Sikio. Harusini nimemwona kwa macho yangu akiacha sahani ya pilau akatikise mtungi wa ukumbi.

Basi akashika kadi iliyoning'inia shingoni mwa mtungi, aone nani aliupitisha mwaka jana. Nikachungulia. Saini yake.

"Nilisaini bila kusikiliza," akasema. "Kwa nini?"

Sababu niliijua mimi. Mwaka jana nilimwambia, "Saini bwana, chai inapoa." Akasaini, akanywa.

"Kumbe nilikula chai, shemeji."

"Ilikuwa chai ya majani na sukari! Usinichanganye na zile chai zenu za bahasha."

"Iliniharakisha kazi. Basi hiyo na ya bahasha ni baba mmoja, mama mmoja."

Akaegemea meza yangu ya kukatia, akaandika: duka lifungwe mpaka mtungi ubadilishwe. Chini yake akaongeza: mkaguzi wa mwaka jana achukuliwe hatua. Akaandika jina lake, herufi kubwa.

"Utafukuzwa kazi, wewe!"

"Wakinifukuza utanifundisha kushona vifungo."

Hasira zikaniisha. Nilikuwa nalilia sare, mwenzangu anauweka mkate wake rehani kwa kikombe changu.

Siku ya pili nikaenda kwa fundi aliyesajiliwa, nikaleta mtungi mwingine. Ijumaa akaja mkaguzi mwingine, binti mwembamba. Kabla hajaniamkia, kaupindua mtungi, kautegea sikio. Nikajua mwalimu wake ni nani. Akasaini. Chai sikumtajia.

Sare zikaisha Jumapili jioni, vidole vimevimba. Shemeji akaingia, suruali imelowa mpaka magotini.

"Hawakukufukuza?"

"Barua ya onyo, na mwezi mzima naosha magari." Akaweka noti mezani. "Ya kile kikombe."

"Toa uchafu wako hapa! Tangu lini shemeji analipia chai kwangu?"

"Pokea, shemeji, nipate kulala."

Nikamtazama. Kweli, macho yalikuwa mekundu. Nikaitia noti kwenye kopo la vifungo, nikampa chenji. Chai yangu haijawahi kufika bei hiyo.