Sauti ya Rayford na Barua Isiyofika Ligi

Mwanangu Rayford alikuwa ana miaka kumi na minane kaburini, asubuhi niliyomsikia akiita hesabu uwanjani.

Usicheke. Mimi sinywi. Ni shemasi wa kanisa, na stashahada yangu niliisomea jioni baada ya zamu, nikaipata nikiwa na miaka arobaini na sita. Imetundikwa sebuleni hadi leo. Mimi si mtu wa kuona mizimu.

Lakini nilimsikia.

Ilikuwa Januari, mwaka 2019. Daktari alikuwa ameniamuru nitembee kila asubuhi kwa sababu ya presha, nami huzunguka uwanja wa chuo chetu hapa Alabama. Ukungu ulikuwa mzito, na harufu ya kiwanda cha karatasi ilikuwa imelala juu ya nyasi kama kawaida yake.

Ndipo sauti ikatoka ndani ya ukungu.

"Bluu themanini! Bluu themanini! Tayari..."

Kimya.

"Hap!"

Nikashika uzio.

Kilichonimaliza ni ule ukimya. Kila kwotabeki, yule mrushaji wa mpira katika futiboli ya Kimarekani, huita hesabu kabla senta, anayeinama mbele yake, hajampa mpira. Ila Rayford peke yake alikuwa akishikilia pumzi pale, anashikilia, anashikilia, mpaka wapinzani wanaingiwa kiherehere na kuruka kabla ya wakati. Wanapigiwa filimbi, yeye anacheka.

Nikaona umbo refu. Namba kumi na moja. Namba ya mwanangu.

"Rayford?" nikaita. Naapa niliita.

Umbo likaja mbio. Likavua helmeti. Alikuwa Tremaine Oglesby, kijana wa Bi Vernell, muumini mwenzetu. Ndiye aliyekuwa kwotabeki wa chuo wakati huo.

"Shemasi! Mbona umepauka hivyo? Kaa chini, kaa!"

"Nani kakufundisha kuita hivyo?"

"Kocha Scruggs. Anasema kuna jamaa yake wa zamani alikuwa anawapumbaza watu kwa hiyo staili."

"Huyo jamaa alikuwa mwanangu."

Kijana akaiweka helmeti kifuani, kama mtu aliyeingia msibani.

"Basi ni Mungu," akasema. "Mama anakutafuta tangu Jumapili. Natakiwa kuamua kufikia Jumatatu, Shemasi. Niingie drafti, timu za ligi kuu zinichague sasa, au nibaki nimalize mwaka wa nne? Mama anasema wewe ndiye mtu pekee mjini anayejua uchungu wa uamuzi kama huu."

Nilijua. Ila siyo kwa namna waliyodhani.

Ngoja nikurudishe nyuma.

Januari 1998, Rayford alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na wasaka vipaji wa ligi walikuwa wanajazana chuoni kwa ajili yake. Alikuwa mwaka wa tatu. Wakati ule, kijana akitaka kuondoka mapema ilibidi barua yake iifikie ligi kabla ya siku ya mwisho. Isipofika, imekula kwake. Anabaki chuo.

Aliandika barua yake mezani kwangu. Akaitia kwenye bahasha.

"Baba, si unapita posta ukienda zamu? Nisaidie kutuma hii."

"Umeshaamua?"

"Nimeamua."

"Na masomo? Umebakiza tisa tu, mwanangu."

"Masomo hayakimbii, baba. Bega ndilo linalokimbia."

Nikacheka. Nikaiweka bahasha mfuko wa ndani wa koti.

Posta nilipita, ni kweli. Nikasimama mlangoni mkono ukiwa mfukoni. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili tu. Nikageuka nikaenda zangu kazini.

Kiwandani kwetu kuna pipa kubwa kama kisima, la kusagia karatasi kuukuu ziwe uji. Nilisimama ukingoni, nikaitupa barua ya mwanangu mle ndani. Ilizunguka mara mbili, ikazama.

Kwa nini?

Kwa sababu nilitaka kumwona amevaa joho. Katika ukoo wetu wa Pettway hakuna aliyewahi kuvaa joho la chuo kikuu. Nilijiambia mwaka mmoja si kitu.

Siku ya mwisho ilipopita, nikamwambia, "Itakuwa imepotea posta." Akanitazama. Akasema, "Haya, baba."

Mechi ya tano ya msimu uliofuata, walimwangukia watu wawili. Mmoja juu, mmoja chini. Shingo.

Hakuinuka tena. Miaka miwili alilala chumba cha nyuma, mimi na mama yake tukimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Halafu mapafu yakajaa, akaenda. Mama yake akamfuata baada ya miaka minne.

Mji mzima uliilaani posta. Mpaka kinyozi alikuwa akiilaani. Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Sasa turudi kwa Bi Vernell.

Jumamosi mchana nilikwenda kwake. Alikuwa amepika kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi. Kocha Scruggs naye alikuwepo, jitu la kilo mia na hamsini, ndiye aliyekuwa senta wa Rayford. Kiti kilikuwa kinalia chini yake.

"Vernell, hiki kiti unakipenda?" akauliza.

"Nakipenda. Simama ule."

Wakacheka.

Mabishano yakaanza kabla ya chai baridi kwisha.

"Aondoke," Scruggs akasema. "Mwili wa kwotabeki ni kama tairi. Hujui limebakiza maili ngapi."

"Aondoke akafanye nini? Akae benchi?" Bi Vernell akawaka. "Kichwa chake hakijaiva! Mwezi wa kumi aliwatupia wapinzani mipira mitatu kama anagawa peremende kanisani!"

"Mama!"

"Uongo? Nilikuwa jukwaani, nilijifunika uso na kijitabu cha mechi!"

"Huko kwenye ligi watamfundisha," Scruggs akasema.

"Huko wanafundisha nani? Ukikosea mara mbili wanamchukua mwingine. Mimi nimening'iniza kuku kwenye kiwanda cha kuchinja miaka ishirini ili huyu amalize chuo. Amalize!"

Wote watatu wakanigeukia.

"Shemasi," Bi Vernell akasema taratibu, "wewe ndiye posta ilikunyang'anya mtoto. Sema neno. Utakalosema, mimi nalikubali."

Hapo nikaelewa kitu kilichonitia baridi. Nikisema aende, nitakuwa nimemwamulia. Nikisema abaki, vilevile. Nilikuwa nimekabidhiwa barua ya pili.

"Posta haikupoteza kitu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Sikuituma. Niliitupa kwenye pipa la kiwandani. Mimi."

Bi Vernell akaweka uma chini. Tremaine akanitazama kama mtu anayetazama gari lililopinduka.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Miaka yote."

Nilimgeukia Scruggs. Yeye ndiye niliyemwogopa. Siku ile ya shingo alikuwa amepiga magoti kando ya Rayford, akimzuia asiguswe mpaka machela ije. Nilingoja anipige. Ningeshukuru.

Hakunipiga. Alikuwa anafuta machozi kwa leso ya mezani.

"Mzee," akasema, "alijua."

"Nani alijua?"

"Ray. Siku ya mwisho saa tisa alipiga simu ligi kuuliza kama barua imefika. Wakamwambia haijafika, lakini tuma faksi, tunafunga saa kumi na moja. Nilikuwa naye ofisini kwa makocha. Aliandika nyingine, akatia saini, akaiweka kwenye mashine. Bado kubonyeza tu."

Scruggs akaikunja ile leso.

"Akasimama pale. Akaniambia, 'Mzee hakuituma, Scruggs. Tangu juzi ananiangalia kama mtoto aliyevunja sahani.' Nikamwambia bonyeza, wewe! Akaitoa, akaichana. Akasema, 'Anataka joho. Mwaka mmoja tu, nimpe joho lake, halafu niondoke.' Akaniapisha nisikwambie."



Nikakumbuka chumba cha nyuma. Wageni walipokuja, nilikuwa nasimama kando ya kitanda na kuanza, "Kama siyo ile posta!" Mwanangu alikuwa hawezi kusogeza hata kidole. Alikuwa anafumba macho na kusema, "Ndiyo, baba. Posta."

Miaka miwili alinisikiliza nikidanganya. Miaka miwili alinisaidia kudanganya.

Bi Vernell ndiye aliyesema kwanza.

"Tremaine, mwanangu. Mimi hata siogopi benchi. Naogopa ukienda, utakuwa mtu wa kwenye televisheni, nami nitakuwa nakuona huko kama wanavyokuona wengine. Ndiyo hofu yangu. Basi, nimeisema."

Kijana akainamisha kichwa.

"Mimi naogopa goti, mama. Lilinivimba mwezi wa kumi na moja. Sijamwambia mtu."

"Goti gani?" Scruggs na Bi Vernell waliuliza pamoja.

Wakazungumza mpaka jua likashuka. Walipigiana kelele, wakalia, wakala tena. Mimi sikutoa ushauri wowote. Tremaine aliponiuliza mara ya mwisho, nilimwambia, "Ukishaamua, tuma kwa mkono wako mwenyewe. Usimpe mtu."

Jumatatu alituma. Akaenda.

Alichaguliwa raundi ya tano, huko kaskazini kwenye theluji. Alikaa benchi misimu miwili. Wako wanaosema angebaki angechaguliwa mapema zaidi. Wako wanaosema goti lingemmaliza hapa hapa. Mimi sijui, na asikudanganye mtu kwamba anajua. Ninachojua ni kwamba kila Jumapili baada ya mechi humpigia mama yake, naye humchamba kwa makosa yake.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mwanao akikuletea uamuzi wake, bishana naye. Piga meza. Lia kama kulia kutasaidia. Mwambie unachokitaka na unachokiogopa, hata kama ni joho tu.

Usimwamulie kimya kimya ukadhani ndiyo upendo.

Mimi nilimpenda mwanangu kimya kimya. Naye alinipenda kimya kimya. Na ukimya wetu sisi wawili ndio uliomweka uwanjani siku ile.