Nani Atampakata Bibi Harusi

Katekista wetu alikuwa na kibanja safi kuliko vyote upande ule wa Muleba. Migomba yake haikukosa palizi, nyasi zilitandazwa shinani kama mkeka, na kahawa yake ilichumwa siku ile ile ilipoiva. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona ameshika jembe. Vibarua wake walikuwa wachumba wasiobatizwa.

Taratibu alizieleza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezitunga mwenyewe. Asiye Mkristo hafungi ndoa kanisani mpaka afundishwe dini na abatizwe. Awe na msimamizi Mkristo mwenye mwenendo mwema. Ndoa itangazwe Jumapili tatu, ili mwenye kipingamizi aseme. Hayo sikuyabishia, kila nyumba ina sheria za mlango wake. Lakini palizi ya migomba ya katekista sikuisikia ikitangazwa Jumapili yoyote.

Aliyetaka ndoa ya kanisani ni mdogo wangu wa kike. Tulibaki wawili tu. Baba na mama walikufa kwa kufuatana, hawakubatizwa wao wala sisi, nami nikaacha shule nikiwa darasa la tatu. Siku bendera mpya ilipopandishwa, wenzangu waliimba katika uwanja wa shule. Mimi nilikuwa nachuma kahawa ya watu, yeye akicheza chini ya mibuni mahali nilipoweza kumwona. Mimi sikuolewa. Wanaume waliokuja walinitaka mimi bila mtoto wa mama yangu, nami nikawaonyesha njia waliyojia.

Baba alikuwa na mdogo wake. Matanga yalipokwisha, baba mdogo huyo aliwafunga kamba mbuzi wa marehemu akaondoka nao, akatuachia pole. Hatukumwona tena mpaka ujamaa ulipomfanya mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa amebatizwa katikati hapo. Mkutanoni alituita ndugu, kanisani akatuita wapendwa, na katika shamba la kijiji hakutuita chochote kwa sababu hakufika.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kuishi na kijana wa kijiji jirani, mtoto wa mzee aliyeshikilia mambo ya zamani, kwa hiyo naye hakubatizwa. Lakini mdogo wangu alitaka kengele zimlilie, kama zilivyowalilia wasichana aliokuwa akiwachungulia utotoni tukipita kanisani na mikungu ya ndizi kichwani. Sikuona ni ombi kubwa. Katekista aliwaamuru watengane mpaka wabatizwe, mdogo wangu akarudi kwangu na mkeka wake chini ya kwapa.

Mafunzo yalikuwa asubuhi, muda wa kukariri maswali machache. Kisha katekista alisema, "Sasa tuingie katika kazi ya utume," na utume ulikuwa nyuma ya nyumba yake, na ulikuwa na magugu. Msimu wa senene wachumba waliamka alfajiri kumkamatia panzi hao. Aliwala wakiwa wamekaangwa, huku akiwasahihisha wachumba majibu.

Siku ya mtihani alimuuliza mchumba wa mdogo wangu, "Mungu yuko wapi?"

"Mungu yuko mahali pote, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Mahali pote ni wapi?"

"Hata kwenye kibanja chako. Tunamwona anavyotuonea huruma."

Wenzake walicheka. Kijana akarudishwa nyuma, na mdogo wangu akarudishwa pamoja naye, maana katekista alisema gari halivutwi na ng'ombe mmoja. Ilikuwa karibu na mavuno ya kahawa. Waliofeli mwaka ule walikuwa wengi, na wote walikuwa na mikono yenye nguvu.

Walipofaulu hatimaye, katekista alikuja kwangu kuzungumza habari ya wasimamizi. Nilimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote.

"Mahali pa baba atasimama baba yenu mdogo," alisema. "Ni Mkristo, ni kiongozi. Ndiye atakayemwingiza kanisani."

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Najua, dada yangu. Lakini mpagani hamsimamii mtu mbele ya altare." Akatafuna kidogo. "Ungeanza mafunzo na wewe. Hujachelewa."

"Kwani migomba ya upande wa bondeni imeota magugu?"

Aliweka chini kahawa yangu akaondoka. Mungu sikuwa na ugomvi naye, wala sina hadi leo. Ila sikukubali kufika kwake kwa kupitia nyuma ya nyumba ya yule.

Lililoniuma ni lile la baba mdogo. Usiku ule niliota mbuzi.

Gauni tulilishonesha Bukoba mjini, kwa fundi Mwislamu wa Miembeni. Alipokuwa akimpima mdogo wangu alituuliza kwa nini imechukua muda mrefu, tukamweleza. "Dada," aliniambia na pini mdomoni, "kwetu kuna mahari na mashahidi, basi. Hatumpalilii shehe." Nilicheka njia nzima ya kurudi, mdogo wangu akininunia.

"Unawadharau, dada," alisema.

"Nawadharau wawili tu."

"Na mimi je? Mimi niliyepalilia?"

"Wewe ulitaka kengele. Utazipata."

Kwetu binti hatoki nyumbani hivi hivi siku ya harusi. Baba yake humpakata kwanza. Hukaa, bibi harusi akaketi mapajani mwake kama mtoto mbele ya ukoo wote, akabarikiwa, ndipo akaondoka. Kama baba amekufa, humpakata yule aliyeshika mahali pake. Baba mdogo alikuwa amekwisha sema katika mikutano kwamba mila za namna ile zinarudisha taifa nyuma, na kanisani alisema ni upagani. Lakini asubuhi ya harusi alifika mapema, amevaa koti la kuazima, akaketi kwenye kiti cha baba kabla hajakaribishwa. Ukoo ulikuwa umejaa nyumba. Watu wakiwa wengi kiasi kile, upagani wake ulipungua.

Mimi nilikuwa chini, kwenye nyasi mpya tulizotandaza usiku, pamoja na wanawake wengine. Katekista alisimama mlangoni akituharakisha.

Mdogo wangu alitoka chumbani na gauni jeupe. Baba mdogo akayapiga mapaja yake. "Njoo, mwanangu, nikupakate."

Alitembea moja kwa moja kuelekea kwenye kiti. Nilitazama nyasi. Sikutaka kuona.

Kisha nikaona viatu vyeupe mbele yangu. Alikunja gauni, akajishusha, akaniketia mapajani, mwanamke mzima, na uzito wake wote. Shangazi mmoja alishangaa, "Mae!"

"We binti," alisema baba mdogo, "huyo ni dada yako. Baba ni mimi."

"Nakuja, baba mdogo," alijibu bila kuinuka. "Utaniingiza kanisani, nimekubali. Lakini pale ulipoketi sijawahi kupakatwa. Hapa napajua."

Bibi mmoja wa ukoo akaanza kupiga vigelegele, wengine wakafuata, na katekista akatazama nje kama aliyeitwa na mtu. Nilimbariki mdogo wangu kwa Kihaya, kwa maneno ya mama, kwa kuwa mengine sikuwa nayo.

Kanisani padri aliwabatiza na kuwafungisha ndoa asubuhi ile ile. Baba mdogo alimwingiza, kifua mbele, akatoa hata hotuba fupi ya kujitegemea pale nje. Mimi niliketi benchi la mwisho karibu na mlango, mahali pa wasiobatizwa. Kengele zilipolia aligeuka kunitafuta, nami nikainua mkono. Mapaja yalikuwa bado yana ganzi.